"Umepata?" "Bado": kisa cha mtunzi aliyegeuzwa msaka mali ya Mjerumani

Neno lililoniponza lina herufi nne tu.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni, njia panda ya kijiji kimoja cha Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nilikuwa na matope hadi magotini, dira shingoni, futi ya fundi mfukoni na daftari kwapani. Kijana wa bodaboda aliyenipandisha asubuhi alinitazama kuanzia viatu hadi dira, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka ijulikane anauliza: "Bro, umepata?"

Nikamjibu, "Bado."

Mimi nilimaanisha sura ya nne ya riwaya. Yeye alielewa sanduku. "Hapana" ingefunga mlango. "Bado" inauacha wazi na kumwekea mgeni kiti barazani. Anayesema bado anakiri mambo matatu kwa mkupuo: kuna kitu, anakitafuta, na ana matumaini ya kukipata. Sikuliona hilo wakati ule. Nililipa nauli, nikapanda kwa mwenyeji wangu kula kiburu, ndizi na maharage.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi vijiweni Arusha na watu wamecheka, na kinachekesha kweli. Lakini kila nikikirudia naona kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili fupi kuliko wote waliohusika, na kwamba wale tuliowacheka walikuwa na sababu. Ndiyo maana nataka kukipitia polepole.

Riwaya yenyewe ni ya kusaka hazina. Kijana anarithi daftari la babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa jeshi la Mjerumani. Ndani mna maelekezo: anzia kwenye jiwe, hesabu hatua 200 kuelekea mashariki, chimba futi sita chini ya mti. Nilikuwa nimeandika sura tatu nikiwa Sakina, Arusha, na chai pembeni. Kisha nikashikwa na hofu ya kawaida ya mtunzi: msomaji wa Kilimanjaro atanikamata. Sikuwahi kuhesabu hata hatua 20 ndani ya kihamba, shamba la familia la Kichaga lenye migomba. Nikapanda kosta kwenda Moshi.

Hapa niseme jambo kwa wasomaji wasio wa kaskazini. Hadithi ya mali ya Mjerumani huku si ya kubuni, kwa maana kwamba sikuibuni mimi. Kila mtu ana mjomba anayemjua mtu aliyeona alama kwenye mwamba. Na simulizi hiyo ina miguu ya kusimamia. Wajerumani walikuwa na boma hapa, wakajenga reli kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Machi 1916, baada ya mapigano ya Latema na Reata upande wa Taveta, waliondoka Moshi wakirudi nyuma kuelekea Kahe huku jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likiwafuata. Jeshi linaloondoka mbiombio huacha vitu. Na ni kweli kwamba mwaka huohuo, kwenye karakana ya reli ya Lulanguru karibu na Tabora, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tai, upande wa pili tembo amesimama mbele ya mlima. Mwambie mtu wa Moshi kuna sarafu ya dhahabu yenye tembo na mlima, uone kama hatainua macho kutazama juu.

Sanduku langu kwenye riwaya lilikuwa limejaa sarafu hizo. Likumbuke, tutalirudia.

Sasa matendo yangu ya Jumanne. Kwanza nilitafuta jiwe la kuanzia. Mwenyeji wangu, mzee niliyekuwa namwita babu kwa sababu ana urafiki wa zamani na familia yetu, alinionyesha nguzo fupi ya saruji iliyomezwa na majani kwenye ukingo wa njia. Nilipiga magoti. Nilikwangua ukoka kwa kucha. Kukatokea namba. Nikaitoa kalamu, nikainakili ile namba, nikaweka dira juu ya nguzo, nikasimama, nikanyoosha mkono kuelekea mashariki. Hebu jiweke nafasi ya mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe hatua kumi kutoka pale. Ungefikiri nini? Ile ilikuwa bikoni ya wapima ardhi, kitu cha mipaka ya mashamba. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mtu akiipigia magoti.

Kisha nikaanza kuhesabu. Kwenye karatasi hatua 200 ni mstari mmoja. Kihambani, hatua ya 18 niliingia kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia, na kiatu kikajaa maji. Ya 31 nilikutana na ua wa masale, na masale hayapitwi hivihivi, ni mpaka na ni heshima, ikabidi nizunguke hadi kwenye mlango wa watu nipige hodi. Ya 60 na kitu migomba ilibanana nikapoteza hesabu, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Ya 112 mama mmoja alinipigia kelele nisimame. Mguu wangu ulikuwa karibu kukanyaga kaburi la baba mkwe wake, maana Wachaga huzika kihambani. Niliomba radhi mara tatu. Hatua 200 zilinichukua dakika 50 na zilipita kwenye nyumba nne. Kwa riwaya ilikuwa neema, nikaandika kurasa sita papo hapo.

Kosa la pili lilitokea kwenye nyumba hizo nne. Kila nyumba walinikaribisha, wakaniuliza napima nini. Nyumba ya kwanza niliwaambia natafuta hadithi, wakanitazama tu. Nikaona jibu hilo halijakaa vizuri, nyumba ya pili nikasema ni utafiti. Ya tatu, kwa kuwa "utafiti" uliwafanya waulize kama nimetoka serikalini, nikasema nahesabu hatua tu. Ya nne nilikuwa nimechoka, nikasema natembea kufanya mazoezi. Nilidhani nina adabu, kwamba namrahisishia kila mtu kwa kadiri yake. Lakini jioni majirani hukutana kwenye mbege, pombe ya ndizi. Nyumba nne zikalinganisha majibu manne, na mtu mwenye majibu manne kwa swali moja ana kitu anachoficha. Hapo ongeza "bado" ya kwenye bodaboda, iliyofika kijiweni kabla sijamaliza kuoga.

Asubuhi ya Jumatano bikoni ilikuwa imezungukwa na mashimo manne.

Nimeyakagua mashimo yale kwa makini kuliko mengi niliyowahi kukagua, maana baadaye niliyafukia mwenyewe. Yalikuwa yamechimbwa kwa ustadi, ukingo umenyooka, udongo umewekwa upande wa chini wa mteremko usirudi ndani. Hawakuigusa bikoni, wanajua kung'oa bikoni ni kesi. Na yalikuwa kwenye pande zote isipokuwa upande wa mashariki, niliokuwa nimeunyooshea mkono. Niliwauliza watu baadaye kwa nini. Nikajibiwa kwa huruma: "Ulionyesha mashariki mchana mbele za watu. Nani anaonyesha palipo na mali mbele za watu?"

Siku hiyo nilianza kupokea wageni. Wa kwanza alikuwa na redio kuukuu, ndani yake, alisema, kuna zebaki nyekundu, ile mali ya hadithi za matapeli. Huyo tulimalizana haraka. Wa pili alikuwa bwana nadhifu, koti la mtumba limepigwa pasi, akakaa kibarazani kwa babu na kukunjua kitambaa cheupe. Juu yake akamwaga mchele, kiganja kimoja. Akatoa sarafu iliyofungwa kwenye kipande cha ngozi. Hii ni rupia ya Mjerumani, akasema, na ile ya kweli huvuta mchele. Akaishusha taratibu, akaiinua. Punje tano zilikuwa zimening'inia chini yake.

Niliomba kuishika. Alisita, akanipa. Ilikuwa na simba mbele ya milima, imeandikwa "East Africa", na mwaka 1952. Shilingi ya Mfalme George wa Sita, mtu ambaye Wajerumani hawakuwa na sababu yoyote ya kumweka kwenye rupia yao, na ambaye mwaka 1916 alikuwa kijana wa miaka 20 katika jeshi la majini la Uingereza. Rupia halisi ya Mjerumani ina kichwa cha Kaisari amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Nilimweleza kwa upole. Yeye naye kwa upole akanijibu kwamba hiyo ndiyo mbinu, Mjerumani aliweka simba ili Mwingereza asiitambue. Nilipomrudishia, kidole changu kilikuwa kinanata. Nikakilamba. Asali, tena nzuri, ya nyuki wadogo.

Babu alicheka hadi akakohoa, kisha akamwomba yule bwana amwonyeshe inakouzwa asali hiyo.

Mchana mama yangu alipiga simu kutoka Arusha. "Mwanangu, dhahabu umepata Jumanne, leo Jumatano, mama yako anaambiwa na muuza nyanya wa soko la Kilombero?" Nikamwambia sijapata kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Kwenye simu usiseme." Mama aliyenizaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukana hakusaidii, kunazidi kuthibitisha. Aliyepata atakana, asiyepata naye atakana, kwa hiyo kukana si ushahidi wa chochote. Kilichobaki kama ushahidi ni dira, magoti na namba niliyonakili. Ukiniuliza mimi, huo ni uchunguzi safi, na wapelelezi wa riwaya zangu wamewahi kukamata watu kwa hoja dhaifu kuliko hizo.

Usiku ule nilikosa usingizi, nikafanya nililopaswa kulifanya kabla ya sura ya kwanza. Nililinganisha tarehe. Moshi ilitekwa katikati ya Machi 1916. Sarafu za dhahabu za Tabora zilianza kutengenezwa baada ya hapo. Wajerumani walipokuwa wakigonga tembo wa kwanza kule Lulanguru, Moshi ilikuwa imeshakuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa maana nyingine, jeshi lililokimbia Moshi halikuwa na hata sarafu moja ya zile nilizojaza kwenye sanduku. Sura tatu zikafa kitandani saa nane usiku, huku nje nikisikia jembe likigonga jiwe. Shimo la tano.

Alhamisi ilikuja detekta, mashine ya kunusa chuma ardhini. Vijana wawili nisiowafahamu waliikodi Arusha, wakapanda nayo kwa Noah, na wakawa na adabu ya kunipa mkono kwanza kama mtu wa fani yao. Ililia mara sita. Walipata jembe bovu, vizibo vya soda, betri za redio, kipande cha bati na kijiko ambacho bibi wa nyumba ya tatu alikitambua papo hapo na kumgeukia mjukuu wake kwa macho ambayo sitayasahau. Kijiko kilikuwa kimemgharimu binti wa kazi kazi yake miaka kadhaa nyuma. Katika msako wote huu, hiyo ndiyo mali pekee iliyofukuliwa.

Saa nane mchana niliitwa ofisi ya kijiji. Mtendaji, ambaye kila mtu humwita Mama Mtendaji ingawa kwa umri ni mdogo wangu, alikuwa ameketi na mwenyekiti, na nje madirishani walijaa watu. Aliniuliza kibali. Nikauliza cha nini. Akanihesabia bila kusoma popote: kuchimba vitu vya kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, madini yaliyo ardhini ni mali ya umma na yana leseni zake, na utafiti nao una kibali chake. "Wewe uko wapi kati ya hayo?" Nikasema mimi natunga, yaani vitu vyangu havipo. Akaandika. Nilichungulia: "Anadai vitu vyake havipo."

Kisha akaomba mkoba. Dira. Futi. Daftari. Akalifungua katikati, na kwa sauti ya kuendesha mkutano akasoma: "Sanduku lipo futi sita chini ya mgrivea, upande wa mashariki wa jiwe, na asiyejua atalipita kila siku akienda kunywesha ng'ombe."

Madirishani kulitokea sauti moja, kama watu 40 wamevuta pumzi pamoja.

Nikasema hiyo ni sura ya tatu. Akafungua ukurasa wa nyuma kuthibitisha, akasoma zaidi. Akakutana na Joeli, mhusika wangu mkuu, akibishana na dada yake kuhusu kuuza kihamba. Akaendelea. Sijui ni lini hasa alibadilika kutoka kusoma ushahidi hadi kusoma hadithi, lakini ilipofika pale dada anapolificha daftari kwenye pipa la mahindi, mtu dirishani alisema, "Huyo dada ana akili," na mwingine akamnyamazisha. Alisoma kurasa tisa. Hakuna uzinduzi wa kitabu nitakaoupata utakaofanana na ule.

Ukafuata uhakiki, nao ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisimama akasema ule mgrivea ulio mashariki mwa jiwe aliupanda yeye mwenyewe, kwa hiyo mali iliyozikwa chini yake ingekuwa yake. Mgrivea hupandwa, hukatwa mbao, basi. Kama nataka mti wa kukaa miaka mia niandike mringaringa. Mwingine akauliza ni mwehu gani achimbe futi sita Machi mvua za masika zikianza, na adui nyuma yake. Mama wa nyumba ya pili alitaka kujua kwa nini Joeli anakwenda kila mahali bila kupiga hodi. Nilikuwa nimesafiri kutafuta hayohayo, nikawa nayaandika kwenye kiganja kwa sababu daftari lilikuwa bado kizuizini.

Nikaona ndiyo nafasi ya kumaliza jambo. Nikasimama, nikawaeleza tarehe zote, Machi, Moshi, Tabora, tembo. Nikasema kwa masikitiko ya kweli kwamba sanduku langu haliwezekani, na kama haliwezekani hata kwenye riwaya, hapa Old Moshi halipo kabisa. Nadhani nilieleza vizuri. Watu walisikiliza.

Babu, mwenyeji wangu, akajibu bila kusimama. "Walirudi."

"Nani, babu?"

"Wajerumani. Waliondoka, halafu walirudi. Mimi nilimsikia baba yangu akisema, aliwalimia kahawa."

Watu wakaguna kwa kuafiki, na tarehe zangu zote zikaishia hapo.

Hukumu ilikuwa nyepesi. Mtendaji alitamka kwamba mashimo yote yafukiwe kabla ya jua kuzama na nitayafukia mimi. Nikalalamika kwamba sikuchimba hata moja. "Umeyachimba kwa mdomo," akasema, na sikuwa na rufaa. Nilifukia, wale vijana wa detekta wakanisaidia kwa kreti moja ya soda. Yule wa bodaboda alikaa juu ya pikipiki akitazama, kuhakikisha, nafikiri, kwamba sitoi kitu badala ya kuweka udongo.

Kabla sijaondoka Ijumaa, babu alinipeleka kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miongo mingi, wakiamini kilipelekwa Ujerumani. Babu hakunihubiria. Alisema tu kwamba wageni wakija na dira huuliza Mjerumani aliacha nini, na yeye hajawahi kuulizwa na mmoja wao alichukua nini. Tukashuka. Sijaliweka hilo kwenye riwaya, halikai vizuri karibu na punje za mchele, lakini ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu.

Makosa yangu nimeshayataja njiani, ila lililo kubwa ni mpangilio. Ningeanza ofisi ya kijiji Jumanne asubuhi, nikaomba mwenyekiti atangaze kwamba kuna mtunzi anapita, kungekuwa na jibu moja badala ya manne, na huenda shimo moja tu la heshima. Sehemu ya kwamba wanakijiji "walidanganyika" siikubali. Walikuwa na mgeni, vifaa, namba na majibu yasiyofanana. Aliyekuwa na hadithi isiyosimama ni mimi.

Na babu alikuwa sahihi. Nilirudi Arusha kutafuta njia ya kumwonyesha amekosea, nikakuta kwamba kuanzia mwaka 1925 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na wengi wakawa walowezi huku kaskazini, wakilima kahawa, hadi vita ya 1939 ilipozuka na wakawekwa kizuizini. Mlowezi anayerudi anaweza kuwa na sarafu ya Tabora mfukoni. Anayekamatwa mwaka 1939 anaweza kuwa na jioni moja tu ya kuificha. Sura tatu zikafufuka. Mpagazi amekuwa mpishi wa shambani, futi sita zimekuwa mbili, mti ni mringaringa, na Joeli sasa anapiga hodi.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alinipigia. Aliuliza hali, akauliza Arusha mvua, akauliza kitabu. Nikamweleza kwa furaha habari za 1925, za walowezi, za 1939. Upande wa pili kukawa kimya, nikasikia amezima injini.

"Kwa hiyo bro, umepata?"

Safari hii nilijihadhari. Nikamwambia, "Hapana," wazi kabisa, neno zima. Akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeelewa, akaniuliza nakuja lini.